Muhali Haupandi Mlima

Safari nyingi za kikundi haziharibikii njiani. Huharibikia barazani, siku watu walipokaa kupanga, mmoja wao akiwa na swali kifuani akaona muhali kuliuliza. Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wale wanaokusanyana hivi sasa, Kizimkazi na kwengineko, kupanga kwenda pamoja mahali pa mbali na pagumu. Watu wake sitawataja majina, na mambo yao nimeyakusanya kutoka katika safari zaidi ya moja ili asitambulikane mtu.

Walikuwa 14. Wengi wao ni watu wa boti, wale wanaochukua wageni alfajiri kutoka Mkunguni na Dimbani kwenda kutazama pomboo. Pamoja nao walikuwemo mwalimu wa skuli, fundi wa mashine za boti, na vijana wawili wa hotelini. Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Kila mwaka wageni hufika Kizimkazi pua zimebabuka na vidole vya miguu vimefungwa plasta, wakisema wametoka kupanda Kilimanjaro na sasa wamekuja kupumzika ufukweni. Mtu mmoja akauliza: mlima uko katika nchi yetu, mbona sisi hatujaufika? Wote walisomeshwa skuli kwamba Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Disemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kileleni. Hamu ya kufika pale alipofika yeye ilikuwa hamu ya haki, na hakuna wa kuwalaumu kwa hilo.

Wakakubaliana waondoke baada ya Idi, ambayo mwaka ule iliangukia Aprili. Kwa mtu wa Kizimkazi hesabu hiyo inaingia akilini. Wakati wa masika wageni hupungua, boti hupandishwa juu zikalafatiwe na kupakwa rangi, na vijana hukaa hawana shughuli. Lakini masika ya pwani ni masika ya mlimani vilevile. Kuanzia Machi hadi Mei njia za Kilimanjaro huwa tope msituni na theluji huko juu, na mawingu hukaa siku nzima. Miezi ya kupanda ni ile mikavu, Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba, yaani miezi ileile ambayo Kizimkazi ina kazi nyingi kuliko zote.

Mwalimu alilijua jambo hilo, kwa kuwa alikuwa amesoma na kuulizia. "Mjomba," akaanza, "Aprili kule juu..."

"Mvua tunaijua, mwanangu," nahodha mkubwa wa kundi akamwambia kwa upole. "Sisi ndio tunaolala nayo baharini."

Wenziwe wakacheka. Mwalimu akacheka nao, akanyamaza. Angewezaje kumpinga mjomba wake mbele ya watu? Safari ikaharibika hapo, miezi mitatu kabla ya mtu yeyote kufunga begi.

Likaja suala la fedha. Wakala mmoja wa Moshi aliwapa bei ya kila kichwa kwa watu 14. Bei ya namna hiyo ina sehemu mbili. Iko sehemu inayokwenda na mtu, kama vile kiingilio cha hifadhi na chakula chake. Na iko sehemu inayogawanywa kwa kundi, kama vile gari, mpishi na kiongozi mkuu. Watu wakipungua, sehemu ya pili haipungui nao, inawaelemea waliobaki. Hesabu hii hakuna aliyeikalia kitako. Walishika ile bei ya watu 14 kama kwamba imeandikwa msahafuni.

Mshika fedha alichaguliwa kwa sababu ni mtu mwema, shemeji ya nusu ya kundi. Michango ikawa inaingia kwenye simu yake mwenyewe, ikichanganyika na fedha yake ya dukani na ya mafuta ya boti. Wengine walimpa mkononi msikitini baada ya sala. Mmoja alimletea nyumbani kolekole wawili wakubwa, wakaafikiana kuwa ni sehemu ya mchango, lakini kwa thamani gani hawakusema. Daftari halikuwepo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ilipotea hivyohivyo.

Tarehe ya mwisho ya kulipa iliangukia kumi la mwisho la Ramadhani. Fikiria mwenyewe ni siku gani hizo katika nyumba yenye watoto: nguo za Idi, viatu, unga na sukari, zaka. Simu ya mshika fedha ikanyamaza. Akimpigia mtu, anajibiwa, "Inshallah baada ya futari, shemeji." Baada ya futari anajibiwa, "Inshallah kesho." Wakala naye anadai malipo ya awali. Mshika fedha akaona muhali kuwaambia wenziwe kwamba asiyelipa hana nafasi. Akachukua fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mashine mpya ya boti, akaitia. Hakumwambia mtu, na aliamini kwa moyo wake kwamba anawasitiri.

Wiki tatu kabla ya safari, watano wakajitoa. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake, na nyudhuru zote zilikuwa za kweli. Walibaki tisa, na bei ya kila kichwa ikapanda. Nahodha na mshika fedha wakazungumza kwa simu usiku, wakapata njia ya kuishusha: waipande njia ya Marangu kwa siku tano badala ya sita. Wengine hawakuulizwa. Waliambiwa bandarini Malindi, Unguja, mizigo ikiwa imeshapakiwa.

Siku hiyo moja ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko vitu vyote walivyolipia. Geti la Marangu liko kwenye karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Vibanda vya Mandara viko takriban mita 2,700, Horombo 3,720, na Kibo karibu 4,700. Uhuru, kilele chenyewe, ni mita 5,895, na hapo hewa inayoingia kifuani ni kama nusu tu ya ile ya ufukweni Kizimkazi. Mwili unaweza kuizowea hali hiyo, lakini unataka muda. Waganga wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku moja. Kutoka Horombo hadi Kibo ni karibu mita 1,000 kwa mkupuo. Ile siku ya sita hutumika kukaa Horombo, mtu akapanda kidogo mchana na kurudi kulala palepale, damu ipate kujirekebisha. Waliifuta ili wapunguze gharama.

Suala la afya halikuzungumzwa kabisa. Mmoja wao alikuwa na presha na aliyejua ni mkewe tu. Nguo za baridi na viatu walikodi walipofika, wakavijaribu wamevaa soksi nyembamba, na siku ya pili visigino vikawa vimechubuka. Mvua iliwashika kutoka getini. Hata hivyo walifika Horombo wakiimba, na wapagazi wakaitikia.

Aliyeumwa hakuwa yule mwenye presha. Aliyeumwa ni fundi, kijana mwenye nguvu kuliko wote, azamiaye bila ya chupa akatoa nanga iliyonasa mwambani. Maradhi ya mwinuko hayachagui dhaifu. Huwapata hata wenye misuli, hasa kwa kuwa hukazana na hawasemi.

Jioni ya Kibo hakula. Kiongozi, Mchaga wa makamo, akakaa karibu yake.

"Kaka, kichwa vipi?"

"Kizuri tu."

"Tumbo je?"

"Zuri, bwana. Nimechoka tu."

Kichwa kilikuwa kinampasuka tangu mchana, na alikuwa ameshatapika mara mbili nyuma ya jabali. Baadaye alieleza kwa nini alificha: wenziwe wamejinyima kwa miezi, ataanzaje kuwa yeye wa kuwavunjia safari? Ndivyo muhali unavyosema kila siku, na unasema kwa sauti ya mapenzi. Lakini kama angesema saa kumi jioni, angeshuka kwa miguu yake.

Walipoamka usiku wa manane kwa ajili ya kupanda, alishindwa kufunga kamba za viatu. Vidole vilikuwa vinakwenda, lakini havikujua vinafanya nini. Kiongozi akamtoa nje, akachora mstari changaraweni kwa fimbo yake, akamwambia autembelee, kisigino kiguse kidole, hatua moja moja. Taa ya kichwani ikammulika. Hatua ya kwanza akaiweka. Ya pili akayumba, akaangukia mikononi mwa mpagazi.

"Huyu anashuka sasa hivi," kiongozi akasema.

Nahodha akaingilia. "Aachwe alale mpaka kupambazuke. Usiku huu, na mvua hii?"

"Mzee wangu, shikamoo," yule bwana akamjibu, na sauti yake haikupanda. "Hapa akilala anaweza asiamke. Dawa yake iko chini."

Alisema kweli. Mtu anayeyumba, anayechanganya maneno, au anayehema naye amekaa, maji yameanza kumjaa katika ubongo au katika mapafu, na hakuna kupumzika kunakoyaondoa. Kushuka ndiko kunakookoa, na saa ndizo zinazohesabiwa. Wapagazi wanne wakamfunga kwenye machela ya gurudumu moja, wakateremka naye gizani kuelekea Horombo. Jua lilipotoka alikuwa amekaa, anaomba uji.

Wanane waliobaki, wawili walifika ukingo wa kreta, Gilman's Point, theluji ikiwapiga usoni, wakageuka. Kilele cha Uhuru hakufika mtu. Walipotoka getini ikabidi wawape viongozi na wapagazi bahasha yao ya ahsante, ambayo kila apandaye mlima ule anajua kuwa iko, na ikaonekana haikutengewa chochote. Walichanga noti za mwisho mifukoni. Watu waliomwokoa fundi walipewa kidogo kuliko wanavyostahiki, na aibu hiyo waliibeba hadi kwao.

Fundi alipona kabisa. Kilichokufa ni kitu chengine. Wale watano waliojitoa walitaka michango yao irudi, na malipo ya awali hayarudi. Mshika fedha hakuwa na karatasi ya kuonyesha nani alitoa nini, wala ya kuonyesha kwamba yeye mwenyewe alitia kuliko wote. Maneno yakaanza dukani, yakaingia msikitini, yakaingia majumbani. Ili ayamalize, aliuza hisa yake katika boti ambayo yeye na wenziwe wawili waliimiliki tangu ujana wao. Boti bado inafanya kazi. Watatu wale hawakai tena baraza moja.

Asiseme mtu kwamba haya yamewafika kwa sababu ni masikini au ni watu wa bahari. Mlima huohuo ulimrudisha mtu aliyekuwa na mali nyingi. Hans Meyer, wa ukoo wa wachapishaji vitabu wa Leipzig, Ujerumani, aliujaribu mwaka 1887, akafika penye barafu, akarudi kwa kuwa hakuwa na zana za kupita. Mwaka 1888 alirejea pamoja na Oscar Baumann, safari hii akakutana na vita vya watu wa pwani chini ya Abushiri bin Salim al-Harthi dhidi ya Wajerumani. Wote wawili walitiwa mbaroni, wakaachiwa kwa fidia. Fedha zake hazikumfikisha hata kwenye theluji.

Mwaka 1889 alipanga upya. Alimchukua Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria aliyeijua barafu. Aliweka kambi kwenye miinuko mbalimbali, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu, ili kushindwa siku moja kusiwe mwisho wa safari. Tarehe 3 Oktoba wawili wale walifika ukingo wa kreta, wamechoka na muda umekwisha. Wakateremka, wakapumzika, wakasogeza kambi juu zaidi, na tarehe 6 wakasimama kileleni. Meyer alikipa kilele jina la mfalme wa Wajerumani, na jina hilo limekwisha kazi. Linalotufaa sisi ni ile siku ya tarehe 3. Waliweza kugeuka kwa sababu walikuwa na akiba ya chakula na akiba ya siku. Wenzetu wa Kizimkazi akiba ya siku waliiuza kabla ya kuondoka Unguja.

Basi anayepanga na ayashike haya.

La kwanza ni wakati. Kalenda ifuatwe ya mahali mnapokwenda. Kama miezi mikavu ndiyo miezi ya kazi, kundi ligawanywe mafungu mawili, fungu moja liende na jengine libaki na boti, kisha wapokezane. Au uchaguliwe mlima mwengine wa kuanzia. Lushoto katika Usambara pana baridi ya kumfunza mtu wa pwani nini maana ya koti, misitu, na ukingo wa Irente unaotazama nyika chini, na hakuna mwinuko wa kumdhuru mtu mzima wa afya. Aliyetembea siku tatu Usambara na wenziwe ameshajua nani analalamika, nani ananyamaza akiumwa, na nani anagawa maji yake.

La pili ni fedha. Bei ipigwe kwa idadi ndogo kabisa mnayoweza kubaki nayo. Kama mko 14, pigeni ya watu wanane. Mkizidi, kila mtu atarejeshewa kitu, na hakuna anayegombana kwa kurejeshewa. Michango iwe na akaunti yake, daftari lisomwe mbele ya wote kila wiki, na washika fedha wawe wawili wasio ndugu. Tarehe ya mwisho isiwekwe Ramadhani wala mwezi wa kufungua skuli. Sharti la anayejitoa liandikwe kabla mtu hajatoa shilingi: akijitoa kabla ya tarehe fulani anarudishiwa, baada ya hapo harudishiwi. Na bahasha ya wapagazi itengwe mwanzo, kwa kuwa hao ndio watakaokubebeni siku mbaya.

La tatu ni afya. Kila mmoja aende kwa daktari, aulizwe presha, moyo, pumu na seli mundu, na apewe ruhusa kwa maandishi. Siri yake aijue kiongozi wa safari peke yake. Siku za kupanda zisipunguzwe kwa sababu ya bei. Fedha isipotosha, safari iahirishwe. Mipango si matumizi, na kuahirisha si kushindwa.

La nne ndilo lililobeba yote, nalo ni namna ya kuzungumza. Sisemi watu waache kuoneana muhali. Ni tabia njema, ndiyo inayowafanya majirani wa Kizimkazi wazikane na walishane. Lakini kikao cha safari kipangwe ili mtu asilazimike kuchagua baina ya adabu na kweli. Aanze kusema mdogo kuliko wote, mkubwa asubiri hadi mwisho. Hivyo mpwa atakuwa amesema kabla mjomba hajatoa kauli, wala hatakuwa amempinga. Kila mtu aandike kwenye kikaratasi kisicho na jina jambo moja linalomtia hofu, vikaratasi visomwe kimoja kimoja. Ahadi mbili zitolewe kwa sauti: kwamba neno la kiongozi wa mlima halina mjadala, na kwamba atakayesema naumwa hatalaumiwa na mtu wala kuchekwa atakaporudi.

Watu wa Kizimkazi hawana haja ya kufunzwa jambo hili na mgeni, kwa kuwa baharini wanalifanya kila siku. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na kwa hiyo chomboni ana neno la mwisho mmoja. Lakini baharia aliyekaa omo akiona mwamba, hata kama ni mtoto wa miaka 15, hupiga ukelele mara moja, na nahodha hugeuza usukani bila ya kuuliza ni nani aliyesema. Barazani hawakumpa Mwalimu haki hiyo wanayompa mtoto chomboni.

Kama kwenu kuna safari inayopangwa, na kuna swali unalolificha kwa sababu ya heshima ya mkubwa au huruma kwa mwenzako, liulize kikao kijacho. Atakayeudhika ataudhika jioni moja. Usipouliza, watakaolipa ni wengi, na huenda wakalipa kwa udugu wao.